Dola 2,400 Zisizo Mfukoni: Namna ya Kuisoma Barua ya Chuo Yenye Neno "Work-Study"

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tatu, vyuo vya Marekani huwatumia wanafunzi waliokubaliwa barua ya kuwaeleza watasaidiwaje kulipa. Barua hiyo ikimfikia kijana wa kwetu aliyeko Louisville, Lexington, Dallas au Phoenix, haikai kwake peke yake. Anaipiga picha, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kabla jua halijazama, Uvira yote, toka Kavimvira hadi Kalundu, imeshajua kwamba mtoto wa fulani kapewa dola elfu ishirini na tatu. Shangazi aliyeko Nyarugusu anauliza kama zinaweza kutoka kidogo za matibabu. Baba mdogo wa Sange anakumbusha ada za mwingine anayesoma ISP Bukavu. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Ila katika hesabu ile zimeingizwa pesa ambazo hazipo.

Ninawaandikia watu wa pande mbili. Wa kwanza ni vijana walioondoka ukanda huu wa ziwa, au waliozaliwa na wazazi walioukimbia: waliokulia Nyarugusu kule Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kivu Kusini, au kwenye kambi za Burundi na Uganda, kisha wakapelekwa Marekani. Wengi wao sasa wanamaliza shule ya sekondari huko na kuomba vyuo. Wa pili ni sisi tuliobaki, tunaozisoma barua zao kwenye simu na kutoa ushauri. Ushauri wetu una uzito; kijana wa kwetu haamui jambo kubwa bila kuuliza nyumbani. Basi tushauri vizuri.

Katika barua hiyo kwa kawaida kuna mistari ya aina nne. Kuna ruzuku ya serikali, ambayo maarufu zaidi ni Pell Grant, na hairudishwi. Kuna ufadhili wa chuo chenyewe, nao haurudishwi, ingawa mara nyingi una masharti ya alama. Kuna mkopo, ambao baadhi ya barua huuandika kana kwamba ni zawadi, na huo utalipwa pamoja na riba. Halafu kuna mstari unaosomeka "Federal Work-Study" ukifuatiwa na tarakimu, tuseme dola 2,400. Mitatu ya kwanza nitaipita haraka, kwa sababu watu huielewa. Huu wa nne ndio unaowachanganya hata waliosoma.

Work-study ni ruhusa ya kutafuta kazi ambayo sehemu kubwa ya mshahara wake hulipwa na serikali kuu, na ile 2,400 ni kikomo cha unachoweza kuchuma kwa mwaka mzima wa masomo. Mwenye kibali cha kuvua hana ndagala mkononi. Bado atashuka ziwani usiku, na asiposhuka kibali kitabaki karatasi. Chuo hakikutafutii kazi kwa lazima. Hakikuwekei pesa kwenye akaunti mwezi wa nane. Usipofanya kazi hata saa moja, hupati hata senti moja, na chuo hakitakuwa kimekudhulumu.

Tuchukue barua ya mfano, na naomba mzazi ashike kalamu. Chuo kinasema gharama ya mwaka ni dola 26,000. Ukiichambua, masomo na ada ni 14,000, malazi na chakula 9,500, na zile 2,500 zilizobaki ni makadirio ya vitabu, usafiri na matumizi madogo. Upande wa msaada: Pell 7,395, ambacho ndicho kiwango cha juu kwa mwaka wa 2025–2026, ufadhili wa chuo 8,000, mkopo 5,500, work-study 2,400. Jumla 23,295. Chini kabisa barua inaandika kwamba umebakiwa na dola 2,705 za kulipa, na familia inapumua.

Sasa tazama ankara yenyewe. Chuo kitakudai kile kinachokiuza: masomo, ada, chumba na chakula, yaani 23,500. Vitabu na usafiri ni juu yako. Mzazi anachukua 23,500, anatoa ule msaada wote wa 23,295, anapata dola 205. Anasema, "Hizo baba yako mdogo hawezi kukosa." Lakini work-study haikatwi kwenye ankara, kwa sababu haijachumwa. Msaada unaokatwa ni 20,895 tu. Deni halisi ni dola 2,605, na nusu yake, zaidi kidogo ya 1,300, inadaiwa mwanzoni mwa muhula wa kwanza, kabla kijana hajapanga hata kitabu kimoja kwenye maktaba. Asipolipa au asipoomba mpango wa kulipa kidogo kidogo, anaweza kuzuiwa kujiandikisha. Tofauti kati ya 205 na 2,605 ndiyo inayowarudisha watoto kwenye ghala na viwanda vya nyama mwezi wa tisa, na huku nyumbani tunaambiwa "chuo kilimdanganya."

Basi kanuni ya kwanza: unapolinganisha vyuo viwili, futa mstari wa work-study kwenye barua zote mbili, na ufute ule wa mkopo, kisha uone kipi kinabaki na deni dogo. Mikopo na work-study virudishwe kwenye hesabu baadaye, kila kimoja mahali pake. Chuo chenye work-study ya 3,500 na ruzuku ndogo kinaweza kuonekana kikarimu kuliko chenye work-study ya 1,500 na ruzuku kubwa. Sivyo.

Je, hiyo 2,400 ni kiasi gani kwa maisha ya kila siku? Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, na kazi ya work-study hairuhusiwi kulipa chini ya hapo. Majimbo mengi yana kima cha juu zaidi, ila Kentucky, ambako watu wetu ni wengi, haimo. Tuseme umepata kazi ya dola 12 kwa saa. Utahitaji saa 200 kuimaliza 2,400. Ukizigawa kwa majuma 30 hivi ya masomo, ni pungufu ya saa saba kwa juma, kama dola 80. Ukilipwa kila baada ya majuma mawili, unapata karibu 160, na malipo ya kwanza huenda yakafika mwishoni mwa Septemba. Kwa hiyo vitabu vya Agosti havinunuliwi kwa pesa hiyo. Tafuta vya maktaba, vya kukodi au vya aliyekutangulia, na ile 160 iwe ya basi, sabuni, dawa na simu. Hiyo ndiyo kazi yake, na kwa kazi hiyo inafaa sana.

Mpango huu si mpya. Ulianza mwaka 1964, katika sheria ya kupambana na umaskini ya Rais Lyndon Johnson, na wazo lake lilikuwa kwamba mtoto wa maskini afanye kazi karibu na darasa lake badala ya kuliacha darasa kwa sababu ya kazi. Kwa kawaida serikali kuu hulipa hadi asilimia 75 ya mshahara, mwajiri akalipa inayobaki. Kijana, kariri jambo hili, kwa sababu ni silaha yako ya kuombea kazi. Ukiingia kwenye ofisi ya maktaba, maabara au idara ya lugha, usiseme tu kwamba unatafuta kazi. Sema, "Nina work-study." Msimamizi anasikia kwamba saa yako haimgharimu bei kamili. Mwenzako asiyekuwa nayo anamgharimu zaidi kwa kazi ileile.

Na uende mapema. Kazi zenye utulivu, kama kukaa mapokezi ya maktaba ambako unaweza kusoma wakati hakuna mtu, huisha katika juma la kwanza. Wanaochelewa hubaki na jikoni na kuosha vyombo. Si kazi ya aibu, lakini saa nne za mvuke na sahani haziachi nguvu za kusoma kemia. Vilevile fedha ya work-study ya kila chuo ni mgao wenye mwisho, na vyuo vingi humpa aliyetangulia kujaza FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada ambayo kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Anayeijaza Novemba na anayeijaza Aprili wanaweza kuwa maskini sawasawa, mmoja akapewa na mwingine asipewe.

Kwa watoto wetu, fomu hiyo ina mtego mmoja, nao ni mzazi. Vijana wengi wa kutoka huku wanaishi Marekani na mjomba, dada mkubwa au mama mdogo, hali baba na mama wako Uvira, Baraka au kambini, au hawajulikani walipo. Kwetu mjomba aliyekulea ni baba, na hakuna wa kukuuliza. Kwenye FAFSA mjomba si mzazi, isipokuwa amekuasili kisheria. Ukiandika mapato yake kwenye nafasi ya wazazi, umetoa habari zisizo sahihi, na huenda ukajinyima ruzuku kwa sababu yeye ana mshahara na wazazi wako hawana. Ikiwa wakati wowote tangu ulipofikisha umri wa miaka 13 baba na mama wote walikuwa wameshafariki, unahesabiwa kuwa unajitegemea, na habari za mzazi hazihitajiki. Ikiwa mahakama ya huko imekuweka chini ya mlezi wa kisheria, ni hivyohivyo. Ikiwa wako hai na mnaongea, watajwe wao, na mapato yao ya faranga yabadilishwe kuwa dola. Mzazi asiyekuwa na namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) sasa anaweza kufungua akaunti na kutoa idhini yake hata akiwa Uvira, mradi apate intaneti na anwani ya barua pepe. Ikiwa mlitenganishwa na vita na hamna mawasiliano, fomu ina mahali pa kueleza kwamba hali yako si ya kawaida, na kupewa hadhi ya mkimbizi kumetajwa katika sheria miongoni mwa hali hizo. Uamuzi ni wa ofisi ya msaada ya chuo. Nenda na barua ya mchungaji, ya mwalimu au ya shirika lililowapokea, na ueleze kwa utulivu kilichotokea. Hilo si kuombaomba.

Mwenye hadhi ya mkimbizi na mwenye green card huhesabiwa miongoni mwa wasio raia wanaostahili msaada huu. Hata hivyo sheria za wageni hubadilika, kwa hiyo swali hilo liulizwe upya kila mwaka ofisini, si kwa jirani.

Halafu yapo majina. Mkongomani ana jina, postnom na prénom, na kambini karani aliyaandika kwa mpangilio alioupenda yeye. Mtoto mmoja anaweza kuwa na jina moja kwenye I-94, ile karatasi ya kuingilia Marekani, jingine kwenye kadi ya Social Security na la tatu kwenye cheti cha shule. Tena wengi wetu tuliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, na mama anayejua kwamba mwanawe alizaliwa msimu wa mvua kubwa anataka kurekebisha. Usirekebishe kwenye fomu ya chuo. FAFSA inalinganishwa na kumbukumbu za Social Security, na herufi moja ikipishana, ombi linakwama. Andika kama kadi inavyosema, hata kama kadi imekosea. Kadi irekebishwe kwanza, kwa utaratibu wake, miezi kadhaa kabla.

Siku ya kuanza kazi, utaombwa karatasi za kuonyesha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi. Lete za asili. Picha kwenye simu haikubaliki. Kadi ya Social Security isiyo na vizuizi, pamoja na leseni ya udereva au kitambulisho cha chuo chenye picha, vinatosha. Kama kadi iko kwa mjomba katika mji mwingine, aitume mapema, kwa sababu mwajiri anatakiwa kukamilisha fomu ya kuhakiki ruhusa hiyo katika siku tatu za kazi tangu uanze.

Swali ninalotarajia kutoka kwa kijana mwenye misuli ni hili: kwa nini nishike dola 12 maktabani wakati ghala linanilipa zaidi, tena usiku, na saa ni nyingi kadiri ninavyotaka? Ni swali la haki. Ikiwa una deni la chuo ambalo saa saba za work-study haziwezi kuliziba, huenda ukahitaji ghala wakati wa likizo ya kiangazi, na hapo nenda bila kusita. Lakini wakati wa muhula, ushauri wangu ni mmoja na siulegezi: mwaka wa kwanza chukua work-study. Msimamizi wa chuoni anajua mitihani ni lini. Wa ghala hajui na hana haja ya kujua. Mapato ya work-study yanatolewa kwenye hesabu ya FAFSA inayofuata, wakati ya ghala yanahesabiwa na yakizidi kiasi fulani yanaweza kukupunguzia msaada. Mwanafunzi anayefanya kazi kwa chuo chake mwenyewe huku akisoma angalau nusu ya mzigo wa masomo kwa kawaida hakatwi kodi ya Social Security na Medicare. Kodi ya mapato ipo, ingawa kwa 2,400 peke yake kwa kawaida hakuna inayobaki kudaiwa. Na hili la mwisho halina tarakimu: ukikaa mwaka mmoja kwenye ofisi ya chuo, mtu mwenye cheo anakujua kwa jina, na ndiye atakayekuandikia barua ya mapendekezo.

Kuna kazi za nje ya chuo pia. Sheria inavitaka vyuo vitumie sehemu ya fedha hizi kwa huduma za jamii, na kuwafundisha watoto kusoma ni mojawapo. Katika miji ambako shule zimejaa watoto waongeao Kiswahili, kijana wa Uvira anayejua Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza ana kitu ambacho wenzake hawana. Aulize kazi hiyo kwa kuitaja. Mara nyingi haijaandikwa kwenye orodha.

Na aliye Uvira leo, mwenye diploma ya Serikali na ndoto ya kwenda kwa viza ya masomo? Kwako work-study ya serikali kuu haipo. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, hadi saa 20 kwa juma wakati wa masomo, lakini kazi hiyo haitoki katika mfuko ninaouzungumzia, na usiiwekee matumaini ya kulipia ada. Vipo vyuo vichache vilivyojengwa juu ya kazi yenyewe. Berea, Kentucky, kilichoanzishwa mwaka 1855, hakitozi ada ya masomo tangu 1892, na kila mwanafunzi wake hufanya kazi angalau saa 10 kwa juma. Kinapokea wageni wachache, na ushindani ni mkali. Karibu na kwetu, wakimbizi wanaweza kuulizia ufadhili wa DAFI wa UNHCR, ambao umekuwepo tangu 1992. Vyuo vyetu vya Kivu Kusini havina mpango wa namna hii; mwanafunzi anayeendesha taksi-moto Mulongwe ili alipe minervali anafanya kazi na masomo bila serikali kumchangia hata faranga.

Kwa sababu hiyo, matapeli wanajua pa kuvulia. Mtu akija Uvira akasema kwamba kwa dola 50 atakuandikisha kwenye work-study ya Marekani, mwitieni mashahidi. FAFSA hujazwa bure. Work-study hailipiwi. Hakuna wakala wake.

Nirudi kwetu wazazi. Tunajua kijana akipata, tunatarajia; ndivyo ukoo wetu ulivyovuka vita vyote hivi, na sitaki tuache. Lakini dola 160 za majuma mawili, zikitolewa 50 za Western Union na ada ya kutuma juu yake, zinamwacha mtoto akihesabu nauli. Simsihi kijana aseme hapana kwa mama yake; hawezi. Ninamwomba mama asiulize. Kwa mwaka wa kwanza, ukoo uafikiane kwamba pesa ya work-study ina wenyewe: tumbo la mwanafunzi na basi lake. Wakubwa walioko huko wenye mishahara kamili waendelee kubeba nyumba.

Barua ikija, basi, kabla ya kuikubali, ambayo kwa vyuo vingi ni kabla ya tarehe 1 Mei, kijana apige simu ofisi ya msaada ya chuo na aulize mambo matatu: ankara ya muhula wa kwanza ni kiasi gani bila work-study, kazi zinaanza kutangazwa lini na wapi, na je, mwaka jana kila aliyepewa work-study alipata kazi? Majibu ayaandike na ayatume kwenye kundi lilelile la WhatsApp. Na ajue kwamba asichokichuma hadi mwisho wa mwaka wa masomo kwa kawaida hakimfuati mwaka unaofuata, anaomba upya.